Chumvi Katika Bustani ya Makopo

Saa ya watu kutoka kazini, stesheni ya treni haina mkubwa wala mdogo. Unasukumwa, unakanyagwa, unaombwa radhi na mtu ambaye ameshapita zamani. Katikati ya zahama hiyo alisimama mwanamke mmoja amekumbatia kopo kubwa la siagi, na ndani ya kopo mlimau mchanga uliomfika puani. Alivaa gauni la bluu lenye vitone vyeupe, na kwenye kiwiko alikuwa na alama ya unga, maana alikuwa mwoka mikate, na unga haumwachi mwoka mikate hata aoge mara mbili.

Treni ikafunga breki, umati ukajimwaga ndani, na mwiba wa mlimau ukamnasa mwanamume mmoja kwenye mkono wa shati lake jeupe.

"Dada, mti wako umenishika."

"Usivute. Ukivuta utachanika wewe, mti hauna neno."

"Sasa nifanyeje?"

"Tulia. Watu wakipungua nitakunasua."

Watu hawakupungua. Kituo cha kwanza kikapita, cha pili kikapita, na yule bwana akawa anakichungulia kituo chake kikirudi nyuma dirishani.

"Hapo ndipo nilipokuwa nashuka," alisema kwa upole.

Mwanamke alimtazama kwa mara ya kwanza sawasawa. Shati limepigwa pasi, ndevu zimechongwa, macho ya mtu aliyekesha kazini. Kifuani kitambulisho cha hospitali.

"Kumbe daktari?"

"Nesi."

"Basi kazi yako ni kutuliza watu. Jitulize na wewe."

Akacheka. Akacheka hadi mwiba ukaingia ndani zaidi. Waliposhuka, mwanamke alimnasua kwa vidole vyepesi, na shati likabaki na tundu dogo. Alikuwa tayari kuambiwa alipe. Badala yake bwana yule alilichukua kopo mikononi mwake na kuuliza, "Mgonjwa huyu analazwa wapi?"

Analazwa ghorofa ya nne, juu ya paa, na lifti hakuna. Nesi alipanda ngazi huku akihema, akidai kila ghorofa kwamba hajachoka. Mlango wa paa ulipofunguliwa aliliweka kopo chini, akazungusha macho.

Wapangaji wa jengo lile walimwita mwanamke huyo Mama Makopo. Mtoto hakuwa naye, ila makopo alikuwa nayo. Kila chombo kilichotupwa kitupu kiwandani kwao, yeye alikipandisha juu: makopo ya siagi, ndoo za mafuta ya kupikia, mapipa ya molasi yaliyokatwa nusu. Kulikuwa na sinki lililopasuka limejaa mrehani, na beseni la kufulia ambalo mnanaa ulikuwa umelitawala hadi ukawa unaning'inia nje. Maharage yalikuwa yamepanda kamba ya kuanikia nguo, ndoo za nyanya zimepangwa ukutani, nyingine kijani, nyingine zimeanza kuona haya. Kiangazi kilikuwa kimeiva, jua la jioni limelala juu ya saruji, na udongo uliomwagiwa maji punde ulitoa ile harufu inayomfanya mtu avute pumzi bila kuambiwa.

"Haya yote yako?" Nesi aliuliza.

"Mimi ndiye wake. Mimi natumwa tu."

Alichuma nyanya moja, akaiambia "asante", akamkatia nusu. Nesi alidhani asante ile ni yake, akajibu "karibu". Mama Makopo akamweleza kwamba hapa hachumi kitu bila kukishukuru kwanza. Mwanamume alitabasamu kama mtu aliyeingia nyumba ya kichaa mpole. Lakini alipoing'ata ile nyanya, yenye joto la jua, maji yakimtiririka kidevuni, naye aliiambia asante kwa sauti, wala hakuona aibu.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haukupita muda jirani wa chini, mjane mwenye sikio kali, akawa anajua zamu za Nesi kuliko wakubwa zake wa kazi, kwa jinsi alivyohesabu nyayo zake ngazini. Nesi alikuja jioni na kiti chake cha kukunja, akatandaza miguu kati ya ndoo, akavuliwa viatu na kupewa kazi.

"Funga hilo tawi. Taratibu, si bandeji hiyo."

"Kufunga ndiyo kazi yangu, mpenzi. Nimefunga watu wazima wanaopiga kelele."

"Hawa wanangu hawapigi kelele, ndiyo maana wanahitaji mtu mwenye akili."

"Nyanya unaziita wanangu. Mimi unaniita 'wewe'."

"Wewe una miguu. Ukiwa na kiu unajiendea jikoni."

"Naona wivu, shauri yako. Iko siku nitazing'oa zote nibaki peke yangu."

Mama Makopo alimrushia konzi ya udongo, wakacheka. Maneno ya utani hayo, na laiti yangebaki hapo.

Alikuwa na furaha, na alijua kwamba ana furaha, jambo ambalo si watu wengi wanalijua wakati wake. Alfajiri akiwa mbele ya tanuri, jasho likimtoka, simu ilitetemeka mfukoni mwa aproni.

"Umeamka, kipenzi?"

"Nimeamka kabla ya jogoo, nawaokea nyinyi mnaolala."

"Mimi ndiyo kwanza natoka zamu. Nipitishe mkate?"

"Njoo mlango wa nyuma. Na usimchekee mwenzangu, anakusifia mno."

Kisha Nesi akaja jioni moja hakukunjua kiti. Amepandishwa cheo, alisema. Awe msimamizi wa wodi katika hospitali mpya, mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

"Twende wote," alimwambia. "Mikate inaliwa kila mahali."

Mama Makopo alikuwa anamwagilia pilipili. Hakugeuka.

"Na bustani yangu?"

"Nakuuliza habari yako, unanijibu habari ya makopo."

"Ndiyo jibu nililo nalo."

Ukweli alikuwa nao mwingine, ila hakuusema. Mama yake alimfuata baba yake mji baada ya mji, na kila walipopanga nyumba alilima kiwanja cha uani, na kila mboga zilipoanza kuchanganya, baba alikuja na habari kwamba wanahama. Mama aliondoka kila mara bila kula alichopanda. Alikufa akiwa bado mpangaji. Binti yake aliapa moyoni kwamba hatamfuata mwanamume yeyote kwenda popote, na tangu hapo bustani ikawa kisingizio kizuri, maana nani atabishana na nyanya?

Kabla hawajalimaliza jambo lile, shangazi yake Mama Makopo, aliyemlea baada ya mama kufariki, alipangiwa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Ilibidi aende kumuuguza. Akampa Nesi ufunguo wa mlango wa paa, kitu ambacho hajawahi kumpa binadamu.

"Asubuhi na jioni," alimsisitiza. "Kiangazi hiki wakikosa siku moja, umewaua."

"Hakuna mgonjwa aliyenifia kwa kiu."

Kule kwa shangazi alipiga simu kila siku.

"Wanangu hawajambo?"

"Hawajambo. Wanakunywa."

"Maji yapo? Nasikia joto huko limezidi."

Nesi alilikwepa swali. "Wewe muuguze shangazi, mama. Huku niachie mimi."

"Mbona sauti yako imechoka?"

"Ngazi zako hizi zinanizeesha."

Shangazi, jicho moja limefunikwa, alikuwa akisikiliza kila neno bila kuona haya. "Mtu anayepanda ngazi kwa ajili ya pilipili zako," alisema, "mimi ningemfuata hata kwa magoti."

"Shangazi, lala."

"Nimefunikwa jicho, mwanangu, si mdomo."

Mama Makopo alirudi mchana wa jua kali bila kumwambia Nesi, akitaka kumshtukiza. Alipanda ngazi mbili mbili na begi lake, akafungua mlango kwa ufunguo wa akiba, na begi likamwangukia miguuni.

Maharage yalikuwa yamekauka kwenye kamba, yakiwa na rangi ya karatasi ya zamani. Nyanya zimejikunja, majani yameungua pembeni kama yaliyopitiwa na moto. Mrehani umekwisha. Mlimau umeangusha majani yote. Spinachi peke yake ndiyo iliyosimama, imekonda. Aliingiza kidole kwenye ndoo akitegemea kukuta vumbi, akakuta unyevu. Kwa hiyo walinyweshwa. Wamenyweshwa nini?

Juu ya udongo kulikuwa na ukoko mweupe. Akaukwaruza kwa ukucha, akauweka ulimini. Ulimi wa mwoka mikate hauhitaji kuambiwa mara mbili. Alionja ndoo ya pili, na ya tatu, na beseni, na sinki. Kote chumvi.

Mwenye ufunguo alikuwa mmoja. Na mwenye ufunguo huyo alitaka aachane na paa hili wahame. Akakumbuka "nitazing'oa zote nibaki peke yangu". Akapiga simu.

"Kipenzi," Nesi aliitika kwa furaha. "Shangazi anaendeleaje?"

"Nimesimama hapa paani. Nijibu kitu kimoja tu. Umetia chumvi kwenye udongo wangu?"

Upande wa pili kukawa kimya. Kimya kile kilikuwa cha mtu anayegundua jambo papo hapo, lakini kwenye simu kimya ni kimya.

"Chumvi," Nesi alisema polepole. "Ee Mola wangu. Ndiyo. Nimetia mimi. Lakini sikiliza..."

Hakusikiliza. Alikata simu, akaizima, akashuka dukani kununua kufuli jipya.

Hasira hasara, wahenga walishasema wakachoka. Siku zile alioka mikate iliyoungua, akamfokea mwenzake aliyemsifia Nesi, akarudi nyumbani bila kupanda juu. Hakulia kwa ajili ya nyanya. Nyanya mtu anapanda tena. Alilia kwa sababu alikuwa ametoa ufunguo, na kwa sababu kuna usiku kule kwa shangazi alikuwa ameshaanza kufikiria mapazia ya mji mwingine. Nesi alikuja akabisha, hakufunguliwa. Akatuma ujumbe wa sauti, ukafutwa bila kusikilizwa. Kisha akaacha kuja, na hilo likauma kuliko kubisha.

Aliyefungua fundo alikuwa mjane wa chini. Alimkuta Mama Makopo ngazini akamzibia njia na mwili wake wote.

"Yule kijana wako yuko wapi? Nina deni naye la shukrani. Wiki zile maji yalipokatika..."

"Maji yalikatika?"

"We, hukuambiwa? Jengo zima, mtaa mzima. Tulikuwa tunagombania madumu kama watoto wanavyogombania peremende. Yeye kila akitoka zamu anapita hapa na furushi mgongoni, limejaa chupa zile za dripu. Anapanda, anatua kwangu anapumua, anaendelea. Nikamwomba anigawie walau ya kunawa. Akaniambia, 'Mama, hizi muda wake umeisha, hospitali ilikuwa inazimwaga, nimeziombea ruhusa. Zina wagonjwa juu.' Kesho yake akaniletea dumu la maji ya kununua, mimi mwenyewe, wala hakutaka chochote. Na ngazi hizi."

Mama Makopo aliketi pale pale, juu ya ngazi, na mkoba wake mapajani.

Dripu. Maji ya chumvi. Maji anayotundikiwa mtu aliyekaukiwa, na mtu anafumbua macho. Miaka yote Nesi ameyaona yakirudisha watu kutoka mlangoni mwa kaburi. Yangewezaje kumdhuru mtu, au mharage? Mjinga gani huyu. Mjinga wake yeye, aliyebeba dawa bora kuliko zote alizozijua, mgongoni, ghorofa nne, asubuhi na jioni, akawanywesha wanawe mpaka wakafa.

"Mwanangu, unacheka au unalia?" mjane aliuliza.

"Sijui, mama. Nipishe nipite."

Alifika hospitalini na aproni yake. Nesi alikuwa amesimama penye dirisha la korido, kikombe cha chai mkononi, shati jeupe, na kwenye mkono kale katundu hajakashona. Alipomwona hakutabasamu.

"Nimekuja kuomba radhi," Mama Makopo alisema. "Jirani ameniambia kila kitu. Sikujua maji yalikatika."

"Sikukwambia, usije ukamwacha shangazi na jicho lake. Hilo kosa langu. Na chumvi pia ni kosa langu, naikubali. Ningekuuliza. Mimi nilidhani uhai ni mmoja, kinachomfaa huyu kinamfaa yule." Aliweka kikombe dirishani. "Nilivyoona majani yanakunjika niliongeza dozi. Unaelewa? Niliongeza."

Mama Makopo alitaka kumshika mkono, akaurudisha nyuma.

"Lakini ile nyingine siikubali," Nesi aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imekauka. "Kwamba nilikusudia. Ulikaa, ukafikiri, ukaona mimi ninaweza kuua kitu unachokipenda ili unifuate. Hilo ndilo silali nalo."

Wagonjwa wawili walipita na viti vya magurudumu. Wakasubiri wapite.

"Una haki," Mama Makopo alisema. "Niseme ukweli, halafu ukitaka nifukuze. Bustani ilikuwa kisingizio. Uliponiambia twende niliogopa, nikajificha nyuma ya makopo. Mama yangu alifuata mtu maisha yake yote hajala alichopanda. Nilipoikuta imekufa, niliona umenivunjia mahali pa kujificha, na nikataka uwe mbaya, kwa sababu ukiwa mbaya siendi popote na wala siulizwi. Ndiyo hivyo. Nakupenda, nimekukosea, na chai yako inapoa."

Nesi alitazama kikombe, akamtazama yeye.

"Udongo wenye chumvi," aliuliza hatimaye, "hauna dawa?"

"Maji mengi. Yapite juu, yatoke chini, tena na tena, mpaka yasafike."

"Bombani yamerudi?"

"Yamerudi."

"Natoka saa kumi."

Walifanya kazi ile jioni, na jioni zilizofuata, miguu peku, suruali imekunjwa magotini, gauni limefungwa kiunoni. Ndoo baada ya ndoo walizimwagia zikavuja, wakazimwagia tena. Mama Makopo alionja maji yaliyotoka chini kwa ncha ya ulimi akitoa hukumu: bado, bado, hii tayari. Maharage waliyang'oa, hayakuwa na la kusaidiwa. Mrehani pia. Lakini asubuhi moja, kwenye shina la nyanya walilolikata karibu na udongo, kulikuwa na kichipukizi, kijani hasa. Nesi alipiga magoti akakitazama kama mtu aliyesamehewa. Mlimau nao ukafuata, kisha mnanaa, ambao nadhani hata moto usingeuweza.

Mwanamke alimtazama mwanamume yule aliyepiga magoti kwenye matope, akaona shukrani imemjaa kifuani hadi hana pa kuiweka. Alishukuru kwa kichipukizi. Alishukuru kwa mjane mwenye sikio kali, kwa shangazi na mdomo wake, kwa treni iliyojaa. Alimshukuru hata mama yake, ambaye hakula alichopanda lakini alipanda.

"Kuhusu ule uhamisho," Nesi alisema bila kugeuka. "Leo ndiyo mwisho wa kujibu. Nitawaambia hapana. Nimeshaamua, usinibishie."

"Umeamua na nani?"

"Peke yangu."

"Ndiyo maana umeamua vibaya." Alikwenda akasimama mbele yake. "Hebu angalia hapa. Kuna kitu hata kimoja kilichopandwa ardhini? Ndoo ina mpini. Kopo linabebeka. Nimekaa miaka na bustani iliyofungashwa tayari kwa safari, nikisema haiwezi kuhama."

"Unasemaje?"

"Waambie unakuja. Waambie nyumba iwe na jua. Na mimi siji kama mgeni wa kupokelewa stesheni. Uende kwa shangazi, uvae hilo shati, ushone tundu, uniombe kwa adabu. Atakupa, ameshakupa zamani. Nioe."

Nesi aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alisema ndiyo. Akaona haikutosha akasema tena, na tena, kwa sauti iliyozidi kupanda, mpaka mjane wa chini akachukua ufagio na kugonga dari.